Mulika na Sambaza: Jina, Mlingoti na Usalama wa Taa za Mitaani Kibera na Kawangware

Utangulizi

Giza linapoingia Kibera na Kawangware, biashara haifungwi. Wauza mboga na samaki hukaa kando ya njia kuwasubiri wafanyakazi wanaorejea kwa miguu. Wanafunzi hurudi nyumbani. Wanawake hulazimika kutoka nje kwenda kwenye vyoo vya pamoja. Katika mazingira kama hayo taa ya nje si pambo la mtaa, bali ni kinga ya mwili na mali. Ndiyo maana wakazi wa Nairobi waliipa taa kubwa ya mlingoti jina la mulika mwizi. Makala haya yanalitazama jina hilo kwa ufupi, kisha yanaeleza namna taa za aina hiyo zinavyosimikwa na kutunzwa kwa usalama. Hoja kuu ni kwamba jina limeyaelekeza macho ya watu juu, ilhali hatari iliyo kubwa zaidi, pamoja na dawa yake, iko chini kwenye shina la mlingoti.

Jina na Chimbuko Lake

Kimuundo, mulika mwizi ni nomino iliyoundwa kwa kitenzi na nomino, kama zilivyo pimamaji, chemshabongo na vunjajungu. Kitenzi chake kinasikika kama amri, na anayeamrishwa ni taa yenyewe, kana kwamba ni askari wa zamu. Jina hilohilo lilipewa pia simu za bei nafuu zenye tochi. Msamiati mwingine unaoizunguka taa hii umetoka mbali zaidi. Stima, ambalo ndilo neno la Wakenya wengi kwa umeme, ni jina la meli ya mvuke. Mlingoti nao ni mti wa jahazi unaotwekewa tanga. Maneno mawili ya baharini yamekutana Kibera, mamia ya kilomita kutoka pwani.

Katika miaka ya 2000, kampuni ya Adopt-A-Light iliyoanzishwa na Esther Passaris ilieneza jijini Nairobi mpango wa taa zilizolipiwa kwa matangazo ya biashara, na milingoti mirefu ikasimikwa katika mitaa ya mabanda. Milingoti mingine iliongezwa na serikali katika muongo uliofuata. Mlingoti ulichaguliwa kwa sababu iliyo wazi. Kwenye barabara pana, kama vile Barabara ya Naivasha inayopita Kawangware, nguzo za kawaida zaweza kupangwa kando kwa masafa yaliyo sawa. Ndani ya Gatwekera au Laini Saba huko Kibera, njia ni nyembamba mno kwa nguzo nyingi na kwa gari la mafundi. Mlingoti mmoja wa mita 20 hadi 30, ukiwekwa penye uwanja, humulika mapaa mengi kwa pamoja. Hata hivyo, mapaa hayo hayo hutupa kivuli kwenye vichochoro, kwa hiyo taa ndogo za ukutani au za nguzo fupi bado zinahitajika.

Kusimika kwa Usalama

Kazi huanza kabla ya shimo kuchimbwa. Fundi huchunguza kilichopo juu, yaani nyaya za umeme zilizo karibu, na kilichopo chini, yaani mabomba na kebo zilizozikwa. Mlingoti unapoinuliwa, ncha yake haipaswi kabisa kukaribia waya wenye umeme. Msingi huwa wa zege lenye nondo, na bolti zake hupangwa kwa kipimo kabla zege halijakauka. Ukubwa wa msingi hutegemea udongo na nguvu ya upepo. Ardhi ya kujazwa takataka, au ile ya kandokando ya Mto Ngong, haiwezi kubebeshwa mzigo uleule unaobebwa na ardhi ngumu. Pimamaji hutumika kuhakikisha kuwa nguzo imesimama wima.

Kebo huzikwa ndani ya bomba, ikiwa na utepe wa tahadhari juu yake ili mchimbaji wa baadaye aonywe kabla jembe halijaigusa. Kisha hufuata jambo ambalo halionekani lakini ndilo linalookoa maisha: waya wa ardhini. Waya huu huunganisha chuma cha mlingoti na fimbo ya shaba iliyozikwa udongoni. Iwapo waya wenye umeme utachubuka na kugusa chuma, umeme hupata njia ya kwenda ardhini, na swichi ya kinga hukata mara moja. Swichi za namna hiyo zinazokusudiwa kulinda watu aghalabu hukata mkondo unaovuja ukifika milliampea 30. Kiasi hicho ni takribani thumuni ya mkondo uliokuwa ukiwasha balbu ya zamani ya wati 60 kwa umeme wa volti 240. Mkondo unaozidi hapo ukipita kifuani waweza kuusimamisha moyo. Kazi hii si ya kila mwenye koleo na bisibisi: nchini Kenya fundi wa umeme hupewa leseni na mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA.

Kutunza Kilichosimikwa

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mlingoti wa chuma huliwa na kutu hasa pale unapokutana na msingi, mahali ambapo maji ya mvua na mkojo hutuama. Kwa hiyo bolti hukaguliwa, kutu hukwanguliwa na rangi hupakwa upya. Nguzo ya mti hukaguliwa kwa kuigonga karibu na ardhi. Mlio wa uwazi ni dalili kwamba mchwa au uozo umeingia ndani.

Katika milingoti mingi mirefu, taa hufungwa kwenye pete inayoshushwa kwa winchi na kamba za chuma, ili fundi afanye kazi akiwa chini. Kamba hizo nazo huchakaa, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kusimama chini ya pete inaposhuka. Kabla ya kugusa chochote, fundi huzima umeme, hufunga swichi kwa kufuli, hupima kuhakikisha kuwa umeme umekatika kweli, kisha huweka ilani. Taa iliyozimika si ushahidi kwamba waya hauna umeme.

Amri Mbili kwenye Shina Moja

Kibera ina neno jingine la umeme: sambaza. Neno hili hutumika kwa umeme uliounganishwa kinyume cha sheria na kugawiwa nyumba kwa nyumba. Nalo pia lina sura ya amri. Mlango wa shina la mlingoti ukivunjwa, mulika na sambaza hukutana hapo. Kebo iliyopimwa kwa mzigo wa taa hubebeshwa mzigo wa nyumba nyingi, viungo hufungwa kwa plastiki, na waya hupita matopeni. Waya wa ardhini ukiwa umeibwa kwa ajili ya shaba, mlingoti mzima waweza kuwa na umeme bila dalili yoyote, na mtoto anayeuegemea akicheza ndiye hulipa. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma vikuukuu kutokana na hujuma dhidi ya miundombinu. Lakini ni kosa kumwita mwizi kila mkazi anayetumia sambaza. Wengi hununua kile wanachoweza kukimudu. Njia ya kudumu ya kuulinda mlingoti ni kumpatia jirani yake umeme halali anaoweza kuulipia.

Hitimisho

Jina mulika mwizi limeiachia taa kazi yote ya ulinzi, ilhali taa nayo yahitaji kulindwa. Hapa wanafunzi wa Kiswahili wana mchango. Ilani ya kitaalamu isiyoeleweka na mama muuza mboga au mtoto wa shule ya msingi haimkingi yeyote. Ilani fupi ingetosha: Hatari. Chuma hiki chaweza kuwa na umeme. Usikiguse mlango ukiwa wazi. Mwite fundi mwenye leseni. Lugha iliyoipa taa jina zuri kiasi hicho haishindwi kuandika sentensi nne za kuokoa maisha kwenye shina lake.