Dawa iliyolowa haianikwi

Mahindi yakinyeshewa njiani huanikwa. Dagaa hali kadhalika. Mfanyabiashara aliyezoea kuvuka Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo anajua jinsi jua linavyookoa mtaji. Boksi la vidonge likiingia maji, hata hivyo, jua haliokoi kitu. Sababu iko katika somo la awali kabisa la mafundi sanifu wa famasia: jinsi atomi zinavyoshikana.

Kila kitu kimeundwa kwa atomi. Katikati ya atomi kuna kiini, na pembeni yake huzunguka elektroni. Elektroni za mzingo wa nje ndizo zinazofanya biashara. Atomi moja huzitoa na nyingine kuzipokea, au atomi mbili huzimiliki kwa ubia.

Kutoa na kupokea

Chumvi ya mezani ni mfano wa biashara ya kwanza. Atomi ya sodiamu ina elektroni 11, na moja tu kati ya hizo iko katika mzingo wa nje. Atomi ya klorini ina 17, na imepungukiwa na moja kujaza mzingo wake. Sodiamu hutoa, klorini hupokea. Ya kwanza hubaki na chaji chanya, ya pili na chaji hasi, nazo huvutana. Atomi zenye chaji namna hiyo huitwa ayoni.

Maji huzitenganisha ayoni hizo, ndiyo maana chumvi huyeyuka. Maji yakikauka hurudiana, na chumvi huwa ile ile. Wavuna chumvi wa Bagamoyo na wa Ngomeni, Kilifi, huishi kwa kanuni hiyo.

Ubia unaovunjika

Dawa nyingi, aspirini ikiwemo, zimejengwa zaidi kwa ubia. Molekuli moja ya aspirini, dawa iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1897, ina atomi 21: kaboni 9, hidrojeni 8 na oksijeni 4. Mahali pamoja katika molekuli hiyo pana kifungo ambacho maji huweza kukikata, na joto huharakisha kazi hiyo.

Kikikatika, atomi za maji hugawanywa kati ya vipande viwili. Kimoja ni asidi ya salisiliki, inayochubua tumbo. Kingine ni asidi ya asetiki, ile ile iliyomo katika siki. Kopo la aspirini linalonuka siki limekwisha kusema lenyewe. Likianikwa, siki hupeperuka na harufu hupungua, lakini vipande haviungani tena. Jua limeondoa ushahidi tu.

Amoksilini ina udhaifu mwingine. Ndani yake kuna pete ya atomi 4, kaboni 3 na naitrojeni 1, iliyobanwa kama upinde uliovutwa. Mkazo huo ndio unaoiwezesha kuvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Lakini maji nayo huifungua pete hiyo. Ndiyo sababu dawa ya mtoto huuzwa ikiwa unga, na ikishachanganywa na maji hutupwa baada ya siku chache, kama chupa inavyoelekeza.

Dawa mseto ya malaria inabeba daraja la atomi 2 za oksijeni. Daraja hilo hukatika linapokutana na chuma ndani ya kimelea, na vipande vyake humwua. Asili yake ni artemisinini, iliyogunduliwa China. Mwanasayansi Tu Youyou aliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya kuacha kuchemsha mmea na kutumia etha kwa joto dogo. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel.

Mzigo njiani

Dawa iliyoharibika inaweza kubaki na rangi na umbo lake. Mama humnunulia mtoto dozi kamili, lakini kinachofika mwilini ni pungufu. Malaria huendelea, au bakteria wenye nguvu husalia na kuzaana.

Biashara ya dawa huhitaji kibali cha mamlaka ya dawa ya nchi husika, kila upande wa mpaka. Mwenye kibali naye ana mambo ya kuzingatia. Vidonge vibaki katika pakiti zake za awali, kwa kuwa karatasi ya bati huzuia unyevu. Kijifuko cha chembechembe kilicho ndani ya kopo kisitupwe, maana kazi yake ni kunyonya maji. Mzigo usikae chini ya turubai lenye joto, hasa pale lebo inaposema usizidi nyuzi 30.

Boksi likilowa hadi ndani, litengwe na mfamasia aulizwe kabla ya kidonge kimoja kuuzwa. Hasara ya boksi hufidika safari ijayo.