Usiiue Kuvu Inayolinda Miche Yako

Mkulima wa nyanya anajua uchungu wa kuingia kitaluni asubuhi na kukuta miche iliyosimama jana imelala, shina limesinyaa na kuoza pale linapogusana na udongo. Mara nyingi wahusika ni kuvu za udongoni kama vile raizoktonia. Siku hizi maduka ya pembejeo huuza kinga iitwayo trikoderma, ya unga au ya maji. Hii si sumu. Ni kuvu hai inayowinda kuvu nyingine. Lakini wapo wanaoitia katika pampu moja na dawa ya kuua kuvu, na hapo pesa zao huwa zimepotea.

Ukuta wa kuvu kama raizoktonia umejengwa kwa kitini, kitu kilekile kinachopatikana katika gamba la mende, pamoja na sukari zilizoungana kwa minyororo mirefu ziitwazo glukani. Trikoderma haina meno ya kuutafuna. Badala yake hutoa vimeng'enya, yaani protini zenye kazi ya kukatakata vitu vingine, kama vile vilivyo katika mate yetu vinavyoanza kuvunja wanga wa ugali ungali mdomoni. Kitinesi hukata kitini, glukanesi hukata glukani, na protesi hushughulikia protini za ukuta huo.

La kushangaza ni kwamba baadhi ya vimeng'enya hutangulia kabla kuvu hizo mbili hazijagusana. Husambaa udongoni, na vikimega ukuta wa kuvu iliyo karibu, vipande vinavyobanduka huwa ishara kwa trikoderma kwamba kuna windo. Hapo hukua kuelekea huko, nyuzi zake hujiviringisha kwenye nyuzi za adui kama mharagwe unavyopanda kijiti, kisha humwaga vimeng'enya kwa wingi hadi ukuta utoboke, na kujilisha kwa kilichomo. Mtafiti Richard Weindling alieleza jinsi trikoderma inavyoishambulia raizoktonia mwaka 1932, kwa hivyo haya si maneno ya wauzaji tu.

Turudi kwenye pampu. Dawa yenye kabendazimu, kwa mfano, haichagui: itaua mwindaji pamoja na windo. Soma lebo ujue ni dawa zipi hazipatani na trikoderma na usubiri siku ngapi kati yake. Itie mapema, wakati wa kupanda mbegu au kuhamisha miche, kwa sababu kazi yake ni kukinga. Mche uliokwisha kuoza shina haufufuki. Udongo uwe na unyevu na mboji iliyoiva, na pakiti isiachwe juani.

Unaponunua, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na nambari ya usajili ya bodi ya PCPB. Kuvu iliyofia ndani ya pakiti ni unga tu. Ukiwa na shaka kuhusu kuchanganya, muulize kwanza afisa wa kilimo wa wadi yako.