Nani Anayeichambua Barua Yako?

Ndugu msomaji, unapoitumbukiza barua katika sanduku la posta, huenda ukadhani kwamba kazi iliyosalia ni ya gari na ya tarishi. La hasha! Kabla ya kusafiri, barua hiyo humwagwa katika lundo moja na maelfu ya barua nyingine: nene kwa nyembamba, nyingine kichwa chini, nyingine chali. Hapana budi zitengwe, zigeuzwe upande mmoja, zipigwe muhuri, kisha zigawanywe kwa miji na mitaa.

Kwa miaka mingi kazi hiyo yote ilifanywa kwa mkono. Karani alisimama mbele ya mashubaka, akaisoma anwani na kuitia barua mahali pake. Karani hodari alikuwa na majina ya miji na njia za reli kichwani, wala hakuhitaji kutazama daftari. Ujuzi huo aliupata kwa miaka, nao ndio uliokuwa heshima yake kazini.

Mnamo 1930, mjini Rotterdam, Uholanzi, ulianza kutumika mtambo uitwao Transorma, na mwaka 1935 ukafika Brighton, Uingereza. Mtambo huo uliibeba barua mpaka kwenye shubaka lake. Lakini ilibidi kwanza mtu aisome anwani na kubonyeza vitufe. Miguu ilikuwa ya chuma, macho bado yalikuwa ya binadamu.

Tatizo la pili lilikuwa kuzigeuza barua. Mashine isiyo na macho itajuaje stempu iko wapi? Mwaka 1957 Posta ya Uingereza ilifanya majaribio katika eneo la Southampton kwa stempu zenye mistari ya grafiti, ile risasi ya penseli, nyuma yake. Grafiti hupitisha umeme. Hivyo mashine iliitambua stempu na kuipanga bahasha sawasawa. Mwaka 1959 mjini Norwich yakaanza majaribio ya kuandika alama za mji katika anwani, yaani postikodi.

Hata kupanga barua katika safu, kazi ya mtoto nyumbani, ni fumbo kwa mtambo. Bahasha mbili zikishikana, moja itapotea njia. Kwa hiyo hewa hufyonzwa ili kuivuta bahasha moja moja, mikanda ikaikimbiza ikiwa imesimama wima, kilango kikaigeuza kuingia katika kisanduku chake, na huko kibao chenye kuteleza kikairudisha safu nyuma ili ipate nafasi.

Huko Marekani zilifuata mashine kubwa zenye visanduku 277, zikihudumiwa na watu kumi na wawili. Kila mmoja aliletewa barua moja kwa kila sekunde. Hebu hesabu, ndugu msomaji: moja, mbili, tatu. Kwa kila hesabu imepita anwani iliyosomwa na vitufe vilivyobonyezwa, saa baada ya saa. Karani aliyekuwa akienda kwa mwendo wake sasa alikwenda kwa mwendo wa mashine.

Mwaka 1963 Marekani ilianzisha postikodi ya tarakimu tano, na mwaka 1965 mashine ya kusoma anwani zilizopigwa chapa ikaanza kazi mjini Detroit. Katika miaka ya 1990 kompyuta zilianza kusoma hata mwandiko wa mkono. Hivyo ujuzi uliokuwa kichwani mwa karani ulihamia katika tarakimu, na mikono mingi haikuhitajika tena.

Hata hivyo mtu hajaondoka kabisa. Mwandiko unaoishinda kompyuta hupigwa picha, na picha hiyo hupelekwa kwa karani aisome. Nasi tunaoandika S.L.P. juu ya bahasha, tukumbuke kwamba nambari ile inafanya kazi iyo hiyo. Tarakimu moja ikikosewa, barua ya mama huishia katika sanduku la mtu mwingine. Basi tuandike kwa hati inayosomeka.