Mbele ya kung'oa jino, uliza munganga iko na nini ya kuziba

Hapa Likasi, mutu akiumwa na jino anaanza na maji moto ya chumvi. Isiposaidia, anatia karafuu. Kisha vidonge viwili vitatu vya kununua pembeni ya njia. Shavu likishavimba na usingizi umekosa, njo anafika kwa munganga wa meno na neno moja tu: «Munganga, toa hii jino.»

Na jino linatoka, hata lile ambalo lingeweza kubaki. Wengi wetu hatujui kama kuna kitu kingine cha kuomba. Ndiyo sababu leo tunapenda kueleza vitu ambavyo waganga wa meno wanatumia, maana baadhi yake sisi watu wa mji huu tunavijua toka zamani, ila hatukuvijua mu kinywa.

Tuanze na ile plombaji ya rangi ya kijivu ambayo wazee wetu wengi wako nayo. Jina la Kifaransa linatudanganya: hamuna risasi ndani. Ni amalgamu. Karibu nusu yake ni zebaki, na nusu nyingine ni unga wa fedha, bati na shaba. Ndiyo, shaba! Zamani walitia kidogo tu. Kuanzia miaka ya 1960 mafundi waligundua kwamba wakiongeza shaba, plombaji haiozi upesi na kingo zake hazivunjiki. Ni kitu kigumu, bei yake si kubwa, na kinaweza kutafuna nyama miaka kumi na zaidi.

Shida ni zebaki. Mapatano ya Minamata, yaliyotiwa sahihi huko Japani mwaka 2013, yanaomba nchi zipunguze matumizi yake, na Umoja wa Ulaya umekataza amalgamu, isipokuwa kwa sababu za pekee, toka tarehe 1 Januari 2025. Lakini mwenye plombaji ya zamani inayoshika vizuri asikimbie kuitoa. Kuichimba njo kunaachilia mvuke wa zebaki kuliko kuiacha.

Ya pili ni resini nyeupe, inayofanana na jino lenyewe. Ni plastiki iliyochanganywa na unga laini wa glasi, na inakauka kwa taa ya bluu. Ni nzuri kwa macho, lakini inataka jino likauke kabisa, mashine ya kuchimba, taa, na mfuko wa mgonjwa pia. Umeme ukikatika katikati ya kazi, munajua wenyewe.

Kwa mji kama wetu, tunaona ya tatu ndiyo inastahili kujulikana zaidi: simenti ya glasi-ionomeri. Ilivumbuliwa London, na wenye kuivumbua, Wilson na Kent, waliitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni unga wa glasi na asidi. Munganga anachanganya kwa mkono, anaweka mu tundu, na ndani ya dakika chache inakuwa ngumu yenyewe, bila taa. Inashika jino bila gundi, tena inatoa fluori kidogo kidogo, ile dawa iliyo mu dawa ya meno.

Namna ya kuitumia bila umeme haikutoka mbali. Ilianza hapo jirani, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Waganga kule walikuwa na shida moja na sisi: mashine zimekufa, watu wanangojea. Mholanzi mmoja, Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alijaribu na wenzake kukwangua ubovu wa jino kwa vyombo vya mkono tu, kisha kuziba. Mara nyingi haiombi hata sindano, na kwa mtoto anayeogopa kelele ya mashine ni faida kubwa. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilianza kuitangaza njia hiyo, na mwaka 2021 liliweka simenti hii katika orodha yake ya dawa za lazima.

Haifai kila jino. Tundu likiwa kubwa na limevunja ubavu wa jino, simenti inamalizika haraka. Na kama usaha umeshaanza, kuziba juu yake ni kufunga moto ndani ya nyumba. Kwa hiyo saa ya kwenda ni wakati jino linashtuka na maji baridi ao sukari, si wakati shavu limevimba.

Na kwa yule ambaye meno yameshatoka? Hapo Likasi inarudi. Meno ya bandia yaliyo mazuri yanakaa juu ya kiunzi chembamba cha chuma, na chuma hicho zaidi ya nusu yake ni kobalti, iliyobaki ni kromu na molibdeni kidogo. Kobalti, ile ile ambayo baba zetu waliitoa ku Shituru! Hata urani, iliyotangaza jina la Shinkolobwe, ilichanganywa zamani kidogo sana katika meno ya kaure ili yang'ae kama ya kweli. Siku hizi wameacha. Kiunzi cha kobalti kinatengenezwa na fundi mwenye tanuri kali, kwa hiyo wengi wetu tunavaa akriliki, ile plastiki ya rangi ya fizi. Si mbaya, ikiwa inatoka na kurudi mu kinywa.

Mbaya ni ile ya kubandika moja kwa moja ku meno ya jirani, kazi ya dakika kumi, bei ya chini. Haitoki, haioshwi, chakula kinaoza chini yake, na meno mawili mazima yaliyoishikilia yanaanza kutikisika. Akriliki ya kweli inatolewa usiku, inasuguliwa kwa brosi na sabuni, na inalala mu maji baridi. Maji moto yanaipinda, na asubuhi haiingii tena.