Saruji Katika Nyumba za Chokaa

Mwenye nyumba ya kale ya mawe huko Lamu au katika Mji Mkongwe wa Unguja, aonapo lipu ya ukuta imeanza kubanduka, aghalabu huenda dukani kununua saruji. Si ajabu, kwani saruji hukauka upesi na mafundi wengi wameizoea. Hata hivyo, kwa nyumba za namna hiyo dawa hii huzidisha ugonjwa.

Ukuta wa kale, wenye unene wa kiasi cha nusu mita, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe yana vitundu na hunywa maji. Unyevu hupanda kutoka ardhini pamoja na chumvi. Lipu ya chokaa huuachia unyevu huo utoke polepole, bali saruji huuziba. Maji yakikosa njia hubaki ndani, chumvi husukuma lipu, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani huanza kuoza. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana boriti hizo za mikoko ndizo zinazobeba sakafu ya juu. Ndizo pia zilizokata kipimo cha vyumba: kwa kuwa hazivuki zaidi ya mita tatu hivi, msana na ndani katika nyumba ya Lamu ni vyembamba na virefu.

Tena nyumba nyingi zimeshikana, na pengine chumba cha wikio hupita juu ya njia kuziunganisha zilizokabiliana. Ubovu wa mmoja basi ni wa jirani pia. Waingereza wanayajua haya: katika mji wa Brighton, ulio pwani, nyumba nyingi za safu za karne ya 19 zina nyuso nyeupe za fahari, lakini nyuma yake mna mchanganyiko wa mawe ya gumegume, vipande vya matofali na chokaa. Huko nako saruji imeharibu kuta nyingi.

Unguja ilianzisha mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe mwaka 1985; UNESCO ikauingiza mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Lakini hati haizibi paa linalovuja, wala si haki kumlaumu mpangaji maskini anayegawana nyumba na jamaa kadhaa.

Kwa mwenye uwezo, hapana budi kuanza juu: zibeni paa, safisheni makopo ya maji ya mvua. Kisha saruji iondolewe kwa uangalifu, pasipo kuvunja mawe. Chokaa iliyozimuliwa na kulazwa majini muda mrefu ndiyo bora. Ipakwe kwa matabaka membamba, kila moja likishika kabla ya jingine, na jua likiwa kali ukuta ufunikwe magunia yaliyoloweshwa. Rangi ya mafuta isipakwe juu yake. Chokaa nyepesi ya kupaka yatosha.