Sanduku la umeme wa dharura: Linamlipa nani?

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

WAMILIKI wa pikipiki na bajaji za umeme katika Kanda ya Ziwa wana swali moja la kibiashara ambalo wenzao wa petroli hawana haja ya kujiuliza: umeme ukikatika, au betri ikiishiwa njiani, hesabu ya tajiri jioni italetwa na nani? Dereva wa petroli aliyekaukiwa hutembea na kidumu hadi kituo cha karibu. Mwenzake wa umeme hana kidumu.

Jibu linalotolewa na wauzaji ni sanduku la betri la kubebeka, ambalo wengine huliita jenereta ya sola na wengine pawabenki kubwa. Ndani yake mna betri ya lithiamu, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na soketi za kawaida. Hujazwa kwa umeme wa TANESCO au kwa paneli ya sola, kisha hubebwa hadi chombo kilipokwama. Halina moshi wala kelele.

Kwa mtazamo wa kibiashara, kujua kwamba sanduku hilo linafanya kazi hakutoshi. Linalotakiwa kujulikana ni kama linalipa, na linamlipa nani. Safu hii imepiga hesabu, na majibu yake si sawa kwa kila mnunuzi.

Pipa na bomba

Mnunuzi hana budi kwanza kutofautisha namba mbili zinazoandikwa kwenye sanduku. Wati ni sawa na upana wa bomba: zinaonyesha umeme unavyoweza kutoka kwa kasi gani. Wati-saa ni ujazo wa pipa: zinaonyesha umeme uliomo ni kiasi gani. Wati-saa 1,000 ni uniti moja, ileile unayonunua kwa LUKU. Sanduku lililoandikwa "2000" bila kufafanua ni 2000 ya nini linaweza kuwa na bomba pana na pipa dogo. Mnunuzi asiyeuliza hulipia bomba akidhani amelipia pipa.

Tuchukue sanduku la uniti 2, ambalo kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 20 na zaidi, yaani karibu nusu ya mfuko wa saruji. Uniti hizo mbili haziingii zote kwenye chombo. Inveta hula sehemu yake, na chaja ya chombo nayo hula ya kwake. Ukikadiria kwamba inveta inapitisha asilimia 85 na chaja asilimia 88, kinachofika kwenye betri ya chombo ni uniti 1.5 tu. Robo nzima imepotea njiani kama joto.

Uniti hiyo moja na nusu inakufikisha wapi? Kwa makadirio ya kawaida ya barabara tambarare:

Pikipiki ya umeme: kilometa 40
Bajaji ya umeme yenye abiria: kilometa 20
Gari dogo la umeme: kilometa 9

Kwa vilima vya Mwanza na mzigo mzito, punguza.

Gari linashindwa hapohapo

Takwimu hizo zinamwondoa mwenye gari katika soko hili. Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 2010, ilikuwa na betri ya uniti 24. Sanduku la uniti 2 kwa gari hilo ni kama kikombe cha maji kwenye pipa. Kilometa 9 hazimtoi mtu Usagara hadi katikati ya jiji.

Aidha, kuna vikwazo vya kiufundi. Kwa viwango vya kimataifa, chaja ya ukutani ya gari haishuki chini ya ampea 6, ambazo kwa umeme wetu wa volti 230 ni karibu wati 1,400. Sanduku lenye bomba dogo kuliko hilo hujizima mara moja. Hata lenye nguvu ya kutosha linaweza kukataliwa, kwa kuwa chaja nyingi za magari hupima kwanza kama kuna waya wa ardhini, na soketi ya sanduku mara nyingi haijaunganishwa na ardhi. Kazi ya kurekebisha hilo ni ya fundi umeme aliyesomea, si ya kubahatisha kando ya barabara.

Masanduku makubwa zaidi yapo. Delta Pro ya kampuni ya EcoFlow, iliyoingia sokoni mwaka 2021, ina uniti 3.6 na bomba la wati 3,600. Lakini uzito wake ni kilo 45, na bado kwa gari dogo ni kilometa 16 hivi. Mwenye gari la umeme ananufaika zaidi kwa kuweka namba ya mwenye gari la kuvuta kuliko kununua sanduku.

Pikipiki na bajaji ni habari nyingine. Chaja yake hutumia wati 500 hadi 900 hivi, kiasi ambacho sanduku la kawaida hulimudu bila kuhema. Kasoro iliyopo ni muda: kwa chaja ya wati 600, kulimaliza sanduku lote huchukua karibu saa tatu. Lakini aliyekwama hahitaji kulimaliza. Nusu saa inampa pikipiki kilometa saba hivi, na hizo zinatosha kumfikisha penye soketi.

Hesabu ya kilometa

Sasa tuingie kwenye fedha. Bei zifuatazo ni za mfano, na msomaji aweke bei atakayoikuta sokoni. Tuseme sanduku ni Sh. 3,000,000 na litatumika miaka mitano. Uniti ya umeme ni Sh. 360, na lita ya petroli ni Sh. 3,000.

Pikipiki ya umeme inayochajiwa moja kwa moja ukutani hutumia uniti 1.7 kwa kilometa 40. Hiyo ni Sh. 612, au Sh. 15 kwa kilometa. Pikipiki ya petroli inayokwenda kilometa 45 kwa lita hutumia Sh. 67 kwa kilometa. Tofauti hiyo ndiyo inayowavuta watu kwenye umeme.

Dereva mmoja akinunua sanduku peke yake, na akakwama mara mbili hivi kwa mwezi, tuseme mara 25 kwa mwaka, atalitumia mara 125 katika miaka mitano. Gawanya Sh. 3,000,000 kwa 125: kila dharura imebeba Sh. 24,000 za uchakavu. Ongeza umeme wa kulijaza, karibu Sh. 830, kisha gawanya kwa kilometa 40. Jibu ni Sh. 620 kwa kilometa, zaidi ya mara tisa ya petroli. Kama hesabu ya tajiri ni Sh. 10,000 kwa siku, dereva huyo analipa Sh. 24,830 kuokoa Sh. 10,000 na riziki yake ya siku. Biashara hiyo haisimami.

Kijiwe cha madereva 12 wakichanga Sh. 250,000 kila mmoja, picha inabadilika. Kila mmoja akikwama mara zilezile 25, sanduku linafanya kazi mara 300 kwa mwaka na mara 1,500 kwa miaka mitano. Uchakavu unashuka hadi Sh. 2,000 kwa kila matumizi, na kilometa moja inagharimu Sh. 70. Hiyo ni bei ya petroli, na kwa dharura hakuna anayeweza kulalamika.

Betri za lithiamu za aina ya chuma na fosfeti hustahimili kujazwa na kumalizwa mara 3,000 na zaidi. Sanduku la kijiwe kwa hiyo halijafika hata nusu ya uhai wake. Siku ambazo hakuna aliyekwama, linaweza kukodishwa kwenye saluni, kuchaji simu au kuendesha muziki kwenye sherehe. Mali inayokaa stoo ikisubiri balaa ni mtaji uliolala.

Dharura ya wote si dharura ya mmoja

Hapa pana shimo ambalo wengi hawalioni. Mchango wa watu 12 hufanya kazi kwa sababu hawakwami siku moja. Leo amekwama huyu aliyesahau kuchaji, kesho yule ambaye chaja imeungua. Ni kanuni ileile ya bima. Lakini mgao wa umeme haumchagui mtu. Unawakwamisha wote 12 saa ileile.

Ugawe kilometa 40 kwa watu 12: kila mmoja anapata kilometa 3 na ushee, yaani anavuka Daraja la JPM la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 19, 2025, na kusimama upande wa pili. Na sanduku likishakwisha, hakuna pa kulijazia.

Mgao si hadithi. Ule uliotikisa nchi kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023 hadi mapema 2024 ulipungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kuanza kazi Februari 2024. Mitambo yote tisa, yenye jumla ya megawati 2,115, ilikuwa imekamilika mwaka 2025. Upungufu wa uzalishaji umepata dawa, lakini umeme wa bwawa hilo husafiri mbali kabla ya kufika ziwani, ukipitia njia kuu ya kutoka Iringa hadi Shinyanga yenye urefu wa kilometa 670. Hitilafu mahali popote njiani, au nguzo moja kuanguka mtaani, inatosha kuzima soketi.

Wengine watasema jenereta ndogo ya petroli inamaliza tatizo. Jenereta hiyo hutoa uniti 2 hivi kwa lita moja. Yaani lita moja ya petroli itaipeleka pikipiki ya umeme kilometa zilezile 45 hivi ambazo pikipiki ya petroli ingekwenda kwa lita hiyo. Faida yote ya umeme imeyeyuka, na bado umenunua jenereta.

Somo kutoka kwa wavuvi wa dagaa

Dawa ya mgao ni umeme uliohifadhiwa kabla ya balaa, tena kwa wingi, na mwambao wa Ziwa Victoria una uzoefu wa jambo hilo. Huko Mbita, upande wa Kenya, kampuni ya OSRAM ilifungua mwaka 2008 kituo cha sola ambako wavuvi wa omena, ambao ni dagaa wetu, walikodi taa zilizochajiwa badala ya kuwasha karabai za mafuta ya taa. Kazi ya aina hiyo inaendelezwa na WeTu, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2019 na Siemens Stiftung ya Ujerumani. Mvuvi hanunui paneli wala hasubiri kuchaji. Huchukua kilichojaa jioni na kurudisha kilichokwisha asubuhi.

Kwa pikipiki, mtindo huo unaitwa kubadilisha betri. Ampersand wameuendesha Kigali tangu mwaka 2019: dereva anaacha betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaondoka ndani ya dakika chache. Faida yake ya kihesabu iko wazi. Umeme haupiti kwenye betri mbili, hivyo ile robo haipotei yote.

Kijiwe chenye pikipiki za aina moja zenye betri za kuchomoa kingefanya vyema kununua kwanza betri mbili za akiba, kisha sanduku. Bajaji zinazotumia betri za risasi haziwezi kufuata njia hiyo kirahisi kwa sababu ya uzito, na kwao sanduku linabaki kuwa msaada wa karibu. Paneli ya wati 400 kwa jua la Mwanza hurudisha uniti moja na nusu hivi kwa siku. Si nyingi, lakini siku ya mgao ndizo pekee zinazoingia.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aliyekwisha piga hesabu yake na kuridhika azingatie yafuatayo:

Asome wati-saa, si wati peke yake, na agawe bei kwa uniti ili alinganishe masanduku mawili kwa haki.

Aulize aina ya betri. Ya chuma na fosfeti hudumu zaidi na haishiki moto kwa wepesi kama aina nyingine za lithiamu.

Alijaribu dukani kwa chaja yake mwenyewe. Soketi ikijizima pale, njiani itajizima pia.

Asilifunge kwenye buti chini ya jua kali, wala asichajie ndani ya mtumbwi au kivuko. Lithiamu ikiwaka haizimwi kwa ndoo.

Alikague kila mwezi. Sanduku la dharura lililokutwa tupu siku ya dharura ni kilo 20 za mzigo wa bure.

La mwisho ni la kijiwe: andikeni kanuni kabla ya kuchanga. Nani analala nalo, nani analijaza kwa LUKU ya nani, na siku watu wawili wamekwama pamoja, nani anatangulia. Fedha za sanduku zinaweza kurudi kwa miaka mitano. Ugomvi wa sanduku huvunja kijiwe kwa siku moja.