Mtoto wa Ufipa Anapokwenda Hoteli ya Michezo ya Maji

Likizo ya Juni na ile ya Desemba zikikaribia, nyumba nyingi za Sumbawanga huanza mjadala wa safari. Wengine hushuka Kasanga au Kipili, kwenye Ziwa Tanganyika. Wengine hujibana kwa miezi ili wawafikishe watoto Dar es Salaam, na huko jina ambalo watoto hulitaja kwanza ni Kunduchi: kuna hoteli ya ufukweni na, jirani yake, bustani ya michezo ya maji ya Wet 'n' Wild, yenye miteremko ya kuteleza na mabwawa ya vina mbalimbali.

Ni mapumziko mazuri, na mtoto hayasahau. Ila mtoto aliyekulia Ufipa, yaani nyanda za juu za Sumbawanga, hushuka na upungufu wa aina mbili ambao mwenzake wa Kirando, kule ziwani, au wa Kunduchi mara nyingi hana. Kwanza, hajazoea maji yanayompita kimo. Pili, mwili wake haujajenga kinga ya kutosha dhidi ya malaria. Yote mawili yanatokana na mwinuko. Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo usiku wa Juni haulaliki bila blanketi zito, na ambapo ziwa liko mbali na macho ya mtoto. Mzazi anayejua hayo mawili kabla ya kukata tiketi anaweza kuyaziba bila kuharibu likizo ya mtu.

Maji ya magotini ndiyo yanayohitaji macho

Wazazi wengi huogopa mteremko mrefu. Hofu hiyo ina msingi, lakini kwenye bustani inayoendeshwa vizuri mteremko mrefu una foleni, una mhudumu juu na mwingine chini, na una kibao cha kupimia urefu. Kibao hicho hakikuwekwa kumnyima mtoto raha. Mtoto mdogo ana kichwa kizito kulinganisha na kiwiliwili, na misuli yake haijakomaa kumweka sawa anapotoka kwa kasi na kuingia majini. Ukimwombea kwa mhudumu apite kwa sababu "amezoea", unamwombea hatari. Kumpakata nako si suluhisho, hata kwenye mteremko mdogo: uzito wako unaongeza kasi, na mguu wake ukibanwa kati ya paja lako na ukingo, mfupa wa muundi unaweza kuvunjika.

Hatari kubwa zaidi iko kule kusiko na foleni, kwenye bwawa la watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, na zaidi ya vifo tisa katika kila kumi vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yetu ikiwamo.

Tazama inavyokuwa. Mtoto wa miaka mitatu amesimama kwenye maji yanayomfika kifuani. Anateleza. Mdomo unazama, unaibuka, unazama tena. Akiibuka anavuta hewa tu; hana nafasi ya kupiga kelele, kwa kuwa pumzi ya kuita ndiyo hiyo hiyo ya kuishi. Mikono haipungi. Inakandamiza maji pembeni, kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Kichwa kimelala nyuma, macho hayatazami popote. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiti mita sita kutoka hapo, huyo ni mtoto anayecheza. Hali hiyo inaweza kuisha ndani ya dakika moja, naye akawa ameshazama. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika nne hadi sita huanza kuharibika.

Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa majini hawasemi tu "mwangalie mtoto". Wanasema kaa umbali wa kumfikia kwa mkono. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, maana yake ni moja: mtu mzima anaingia majini pamoja naye.

Safari za kwetu mara nyingi ni za ukoo. Baba yupo, mama yupo, shangazi, mama mdogo na binamu wakubwa. Wingi huo unaweza kugeuka mtego, kwani watu wazima sita wamekaa kando ya bwawa na kila mmoja anaamini mwenzake anaangalia. Gawaneni zamu za dakika 15. Mwenye zamu hashiki simu, hali chipsi, hapigi picha. Zamu ikiisha anakabidhi kwa kutamka, "Shangazi, sasa ni wewe," na shangazi anaitikia. Binamu wa miaka 12 ni rafiki wa kucheza. Mlezi wa majini si yeye.

Waokoaji wa bustani wapo kwa ajili ya bwawa zima, hawapo kwa ajili ya mwanao peke yake. Maboya ya kujaza upepo ya mikononi nayo ni vitu vya kuchezea: huchomoka, hupasuka, na humpa mtoto imani isiyo yake. Kama hoteli ina jaketi okozi za saizi ya watoto, hizo ndizo za kuomba, na bado mtu mzima abaki karibu.

Uwe macho zaidi saa ya kuondoka. Taulo zinakunjwa, viatu vinatafutwa, mtoto ameshavuliwa boya ili avishwe nguo. Anaona mpira wake ukielea na kuufuata. Chumbani pia, kagua mlango unaotokea barazani au bwawani kabla ya kufungua mabegi, na usiache ndoo au beseni lenye maji sakafuni. Kichanga huweza kuzama kwenye sentimita chache tu.

Ikitokea ajali, mtoe mtoto, mlaze chali mahali pagumu, uangalie kama anapumua. Kama hapumui, mpulizie pumzi tano, kisha mminye katikati ya kifua mara 30 na kumpulizia mbili, ukiendelea hivyo hivyo hadi apumue au msaada ufike. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Usimning'inize kichwa chini, usimkande tumbo. Hapo unapoteza dakika ambazo mapafu yanazidai. Hata akizinduka na kulia, apelekwe hospitali, maana mapafu huweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

Harufu kali si dalili ya usafi

Watu wengi wakinusa harufu kali ya dawa bwawani hufurahi, wakidhani maji yametiwa klorini ya kutosha. Mara nyingi ni kinyume chake. Harufu ile inayowasha macho hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo wa waogaji. Klorini iliyobaki huru, yenye kazi ya kuua vijidudu, hainuki sana.

Kipimo cha mzazi ni macho. Simama ukingoni mwa sehemu yenye kina kirefu. Kama huoni wazi tundu la kutolea maji chini ya bwawa, usimwingize mtoto. Maji yenye ukungu si salama kwa afya, na yanamficha aliyezama. Hakikisha pia tundu hilo lina kifuniko kizima, kwani nguvu ya kuvuta maji inaweza kunasa nywele au mkono.

Nasi tuna wajibu wetu. Mtoto mwenye kuhara asiingie bwawani. Kuna kimelea kiitwacho kriptosporidiamu kinachoweza kuishi kwa siku kadhaa ndani ya maji yenye klorini ya kawaida, na pampasi haikizuii. Mwogeshe mtoto kwa sabuni kabla ya kuingia, mpeleke chooni kila baada ya saa moja, na mfundishe asimeze maji.

Anayeshuka ziwani badala ya pwani

Kwa familia inayochagua Kasanga au Kipili, nauli ni ndogo na mandhari hayana mfano. Lakini Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, lenye mita zipatazo 1,470, na sehemu nyingi ufuko wake hushuka ghafla: hatua moja magotini, ya pili hakuna ardhi. Hakuna kibao, hakuna mwokoaji. Waulize wenyeji sehemu zenye mamba. Kumbuka na kichocho, ambacho huenezwa na konokono wa majini, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Familia iliyooga huko ipimwe baada ya miezi mitatu hivi. Bwawa lenye klorini halina konokono hao. Hapo hoteli inashinda.

Homa ya baada ya likizo

Upungufu wa pili huja kudai baadaye. Vimelea vya malaria hukwama ndani ya mbu joto linaposhuka chini ya nyuzi 18 hivi, ndiyo maana Sumbawanga mjini malaria si nyingi kama kwenye Bonde la Rukwa, mwambao wa Tanganyika au pwani. Mtoto asiyekutana nayo mara kwa mara hana kinga ya kumpunguzia makali, na akiipata inaweza kumlemea haraka.

Kwa hiyo chandarua chenye dawa kiwemo begini hata kama hoteli inasifiwa. Jioni watoto wavae mikono mirefu, na kuogelea kuishe kabla ya jua kuzama. Baada ya kuumwa na mbu, homa haiji kesho. Huchukua siku saba au zaidi, pengine mwezi mzima. Wakati huo mko nyumbani, baridi ni kali, na kila mtu anasema ni mafua tu. Mtoto akichemka ndani ya mwezi mmoja baada ya safari, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo na umwambie mhudumu, "Tumetoka pwani." Kipimo cha haraka hutoa majibu kwa takriban dakika 20, na dawa mseto ikianza mapema hufanya kazi.

Safari yenyewe nayo inachosha. Kutoka Sumbawanga kupitia Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro ni zaidi ya kilomita 1,100. Siku ya kufika watoto walale, wanywe maji ya kutosha, wasiingie bwawani. Mwili uliozoea baridi huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto lenye unyevu, hivyo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri wakae kivulini.

Kabla ya kulipia chumba

Piga simu hotelini uulize mambo manne: waokoaji wangapi wako zamu na saa ngapi, bwawa la watoto limezungushiwa uzio au la, kuna jaketi okozi za watoto au hakuna, zahanati ya karibu iko wapi. Wakibabaisha, tafuta kwingine.

Kisha tulifikirie hili sisi wa Rukwa, mkoa wenye ziwa Tanganyika upande mmoja na ziwa Rukwa upande mwingine. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kujiokoa majini. Kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha kuogelea wasichana ambao kabla ya hapo bahari waliitazama tu. Mzazi mwenye uwezo wa kulipia hoteli anaweza kulipia masomo machache ya kuogelea siku hizo hizo za mapumziko. Lipia hayo kwanza, picha za mteremko zitafuata.